Msomaji wa Barua za Viza

Neno alilolichukia kuliko yote lilikuwa "mnyenyekevu". Akilisikia ndani ya barua alisimamisha kila kitu, akavua miwani, akaiweka juu ya jora la kitambaa, akauliza kwa sauti ya mtu aliyeamka tayari amechoka: "Sasa hii ni barua ya viza au barua ya posa?"

Sisi tulimwita Msomaji. Jina lake nalijua, lakini sijawahi kulitumia mbele yake na sitalitumia hapa. Alikuwa Mhindi wa kwetu, wa Afrika Mashariki, mwenye Kiswahili kilichonyooka kuliko changu, na kila Jumamosi asubuhi alikaa nyuma ya duka la vitambaa la shemeji yake huko Tooting, kusini mwa London, kwenye kiti cha plastiki, kati ya majora ya sari na birika la umeme. Hapo ndipo tulipompelekea barua zetu. Wengi wetu tulikuwa watafiti wa uhandisi: wa zege, wa betri, wa mabomba, wa mitambo ya upepo. Tulikuwa na shida moja. Mkataba wa chuo unaisha, viza inaisha pamoja nao, na njia iliyobaki ni kuomba utambuliwe kuwa mtaalamu mwenye mchango wako mwenyewe. Ombi lenyewe linasimama juu ya barua za watu wanaoijua kazi yako. Barua zikiwa dhaifu, unafunga mizigo.

"Mimi si wakili," alimwambia kila mgeni kabla hata ya kumwonyesha pa kukaa. "Wakili mtafute, mlipe, msikilize. Sheria siijui na sitaki kuijua. Mimi ni msomaji. Nikielewa ulichofanya nitakwambia nimeelewa. Nisipoelewa, na hao hawataelewa."

Aliwahi kuwa mhandisi wa maji taka katika ofisi ya manispaa moja ya hapa London. Hilo niliambiwa na wengine. Yeye mwenyewe ukimuuliza alikuwa akifanya nini, alijibu, "Mambo ya mifereji," kisha anakuuliza wewe una nini.

Lazima nieleze barua zetu zilivyokuwa, maana bila hivyo mtu anaweza kumwona mzee mkorofi tu. Kwetu, ukimwomba mkubwa akuandikie barua, anakufanyia wema kwa kuisifu tabia yako. Anaandika kwamba umetoka familia nzuri, ni mchapakazi, mnyenyekevu, mcha Mungu, na kwa miaka yote aliyokujua hujagombana na mtu. Anaandika kwa moyo safi kabisa. Ile barua inafika London, inasomwa na mtu anayetaka kujua jambo moja tu, kwamba wewe umegundua nini, naye anafika mwisho wa ukurasa bila kupata jibu.

"Hajagombana na mtu," Msomaji alirudia siku moja, akitikisa kichwa. "Vizuri sana. Na daraja je, limesimama?"

Swali lake kubwa lilikuwa hili: "Mkono wa nani?" Ukisema kipimo kilifanywa, alitaka kujua kilifanywa na mkono wa nani. Ukisema mfano wa kompyuta ulitengenezwa, mkono wa nani? Alikuuliza hivyo hadi unatoka jasho. Watu wazima wenye shahada tatu wamewahi kutoka mle dukani macho mekundu, wakapita katikati ya mama za watu wanaochagua vitambaa vya harusi, na shemeji yake akawa anawasindikiza mlangoni kama watu waliofiwa.

Alikuwa na taratibu zake. Uje na penseli, usije na zawadi. Ukifika mlangoni usalimie kwa sauti. Kuinamisha kichwa na kutabasamu hakukutosha, utakaa umesimama pale kama hakuoni. Nilidhani ni ukali wa wazee wa zamani kuhusu heshima, nikaupenda, kwa sababu binti yangu Neema, aliyekulia hapa, nikimwambia amwamkie mtu anasema "Hi" na kupita zake. Kisha barua yako uisome mwenyewe, kwa sauti, mwanzo hadi mwisho. Yeye alifumba macho, akasikiliza. Mahali sauti yako iliposhuka, aliinua kidole.

"Hapo. Kuna nini hapo?"

Kila mara palikuwa na kitu. Ama ulikuwa umetia chumvi, ama ulikuwa umeficha. Kisha ilikubidi ukate mwenyewe sentensi kwa penseli yako. Alisema mkono ulioandika upuuzi ndio uufute.

Na chai. Alikuwa akitengeneza chai ya tangawizi kali mno, anaimimina mwenyewe, hakubali kusaidiwa, na anapomimina anatia kidole ndani ya ukingo wa kikombe. Mimi mambo hayo huwa yananishinda. Nilikuwa nakuja na chupa yangu ya maji na kusingizia tumbo.

Aliyenipeleka kwake ni Kamau, Mkenya wa betri, niliyekuwa nikitumia naye jiko moja la ofisi pale chuoni. Kamau alikuwa na ugonjwa tofauti na wetu. Yeye alijipiga kifua. Alinisimulia mwenyewe, akicheka, jinsi alivyompelekea Msomaji barua iliyosema amebadilisha mustakabali wa nishati barani Afrika.

"Nikamwambia, Mzee, si unajua huku lazima mtu aji-sell kidogo," Kamau alisema. "Akaniuliza, hii betri umeitengeneza wewe na malaika gani? Akachukua kalamu nyekundu, akakata page nzima. Page nzima, dada! Nikaenda nyumbani nikiwa nimekasirika wiki mbili."

Barua ya Kamau iliyofaulu hatimaye ilikuwa na aya nne. Ilisema amepunguza joto la betri fulani kwa njia fulani, na kwamba kiwanda kimoja kinaitumia njia hiyo. Basi. Alikubaliwa. Mimi nilipofika miaka michache baadaye sikuikuta ile kalamu nyekundu, nikafikiri uzee umempunguza makali.

Hakuwa mtu rahisi kumpenda. Aliilalamikia London kila Jumamosi: nyanya zake hazina ladha, mvua yake haiamui kunyesha wala kuacha, watu wake wanakuomba samahani huku wanakukanyaga. Ukimuuliza mbona basi anatusaidia kubaki, alisema, "Sikusaidii kubaki. Nakusaidia usifukuzwe kwa sababu ya kijinga." Hakutaka kuambiwa matokeo. "Ukikubaliwa utanisahau, ukikataliwa utarudi. Kwa nini tupigiane simu?" Alisema hivyo bila uchungu wowote. Mimi nilisikia uchungu kwa niaba yake.

Nilikwenda kwake mara ya kwanza nikiwa tayari nimekataliwa.

Utafiti wangu ni wa kutu. Nondo zilizo ndani ya nguzo za zege zinazokaa kwenye maji ya chumvi huanza kuoza miaka mingi kabla nje hapajaonekana hata ufa. Nilipokuwa Dar es Salaam nilitengeneza kipimo kidogo cha kuzika ndani ya zege, kinachokuonya mapema. Niliingia majini kwenye nguzo za gati miezi kumi na moja, na buti zilizovuja, nikisoma namba na kuziandika kwenye daftari la shule. Tulipochapisha makala, niliweka jina la Profesa wangu mbele na langu nyuma. Hakuna aliyenilazimisha. Ni mkubwa wangu, alinifundisha kushika vifaa, alinitafutia chumba nilipokosa pa kukaa. Ningeanzaje kujitanguliza mbele ya mtu kama huyo? Na aliponiandikia barua ya kuunga mkono ombi langu, aliandika kwamba nilimsaidia kwa uaminifu mkubwa.

Waliotathmini walisoma walichoandikiwa. Walijibu kwamba mwombaji anaonekana kuwa msaidizi katika utafiti wa mtu mwingine.

Mkataba wangu ulikuwa umebaki miezi minne. Mume wangu alikuwa akifanya kazi kwenye nyumba ya wazee kwa viza inayotegemea yangu. Neema alikuwa darasa la tano huko Thamesmead tulikoishi, na Kiswahili chake ni cha kusikia tu. Tungeweza kuomba mara moja zaidi. Tukikataliwa tena, tunaondoka wote watatu. Nilikuwa nimechoka uchovu ule ambao hata usingizi hauuondoi, na nilikaa kwenye kiti kingine cha plastiki nikamsomea Msomaji barua ya Profesa, mwanzo hadi mwisho.

Kidole kilipanda kwenye neno "alinisaidia".

"Mkono wa nani ulikuwa majini?" aliuliza.

"Wangu."

"Na wake?"

"Profesa alikuwa na kazi za ofisi."

"Sijauliza kazi zake. Nimeuliza mkono."

"Ulikuwa wangu peke yangu, Mzee."

"Na jina lake limekaaje mbele?"

Nilimweleza. Alisikiliza macho yamefumba. Nilitegemea anikaripie, lakini alipapasa mezani akapata kikombe chake.

"Umempa zawadi ambayo hakuiomba," alisema. "Sasa itakubidi umwombe airudishe. Mpigie."

"Siwezi."

"Basi rudi nyumbani kafunge mizigo, utakuwa umepata muda wa kutosha."

Wiki mbili nilimkasirikia, kama Kamau. Usiku sikuwa na shida, shida ilikuwa mchana, nikiiona simu mezani. Mtu ambaye hakulelewa kwetu hawezi kuelewa. Kumpigia mkubwa wako na kumwambia, kwa adabu zote, kwamba kile kilichobeba jina lake ni chako! Ningemwomba figo ningeona aibu ndogo zaidi.

Nilipiga Jumapili mchana, baada ya ibada.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, mwanangu. Mzungu wako hajambo?" Alimaanisha Neema.

Tukaulizana habari za nyumbani, za mvua, za foleni. Kisha nikasema yote bila kupumua, kwamba nimekataliwa, na sababu, na kwamba naomba aandike upya jinsi ilivyokuwa. Upande wa pili nilisikia mtangazaji wa mpira kwenye televisheni, kisha akaizima.

"Jina langu pale mbele linakukwaza?" aliuliza.

"Halinikwazi, Profesa. Nililiweka mwenyewe."

"Najua. Niliona." Alikohoa. "Wote mnaniweka mbele. Mwanzoni nilikuwa nakataa, mkawa mnaona nimechukia. Nikaacha. Sasa ukweli nikuambie, mtu anazoea." Mimi nikawa nalia kimyakimya kama mtoto, mkono mdomoni. "Nitaandika," alisema. "Usinifundishe cha kuandika. Nakumbuka vizuri nani alikuwa wapi."

Barua ilikuja baada ya siku tisa. Jumamosi ile nilipanda treni hadi Tooting nikiwa nimeipitia kwa macho tu, sikuthubutu kuitamka. Nilisalimia kwa sauti mlangoni, nikakaa, nikasoma. Profesa alieleza kipimo changu vizuri kuliko nilivyokieleza mimi. Alieleza makala, na mpangilio wa majina, na desturi yetu, bila kujitetea. Kisha nikafika kwenye mstari uliosema: "Mimi nilikuwa ofisini. Yeye alikuwa majini." Sauti ikakatika.

Kidole cha Msomaji kilipanda.

"Hapo," alisema. Nikatoa penseli. "Hapana. Hapo usiguse."

Ndiyo sifa pekee niliyowahi kuisikia kutoka kwake, na ilikuwa kwa sentensi ya mtu mwingine.

Nilikubaliwa. Baruapepe iliingia nikiwa kwenye foleni ya kulipia maziwa. Nilimpigia mume wangu, akasema "Alhamdu" ingawa sisi ni Walutheri, nikaenda nyumbani nikalala na viatu. Furaha ilikuja baadaye, kwa awamu, na ndogo kuliko nilivyotegemea. Msomaji sikumpigia. Si ndivyo alivyotaka? Nilijiambia hivyo mwaka mzima, kisha wa pili. Kwa kweli nilimsahau, sawasawa na alivyosema.

Msimu uliopita wa baridi, binti yake alinipigia simu. Nilikuwa nimemwona mara mbili tatu dukani, mwanamke wa umri wangu, mfamasia, anayezungumza Kiswahili kilichochanganyika na Kiingereza.

"Kuna mtu wa council anakuja kum-assess Dad," alisema. "Wanaangalia kama anahitaji mtu wa kumsaidia nyumbani. Walikuja last year, akawaambia he's fine, wakafunga file. Last week ameunguza sufuria mpaka jirani akaita fire brigade. Mimi hanisikii. Please, come. Labda mbele yako ataona aibu kudanganya."

Nilikwenda. Mkewe alikuwa amefariki zamani, na nyumba ilikuwa safi kwa namna ya nyumba ambayo vitu havihamishwi. Nilisimama kwenye mlango wa sebule nikasema, "Shikamoo, Mzee," naye akageuza kichwa kuelekea sauti.

"Marahaba. Mama wa kutu," alisema. "Umekataliwa?"

"Nilikubaliwa. Miaka miwili sasa."

"Basi umekuja kufanya nini?"

Mtathmini alikuwa mwanamke mpole mwenye kompyuta ndogo mapajani. Aliuliza moja baada ya jingine, na Msomaji alijibu kwa Kiingereza kizuri cha ofisini. Anajisikiaje? Vizuri sana, asante. Anaweza kupika? Bila shaka. Analala? Kama mtoto. Kuna jambo lolote analopata shida nalo? Hapana, tunamshukuru Mungu, watu wengine wana hali mbaya zaidi. Kila jibu lilikuwa jibu la mtu aliyelelewa vema, anayejua kwamba mgeni haelezwi shida zako. Yule mama aliandika aliyoambiwa. Binti wa Msomaji alitoka akaenda jikoni, nikasikia bomba la maji likifunguliwa ili tusisikie kingine.

Nilijua kabisa ukurasa ule unavyokwenda kusomeka. Ungesomeka kama wa kwangu wa kwanza. Faili lingefungwa, na mzee huyu angebaki peke yake na lile jiko.

"Mzee," nilisema kwa Kiswahili, na sauti haikuwa imetulia. "Unamwandikisha barua ya posa."

Aligeuza uso kunielekea.

"Sufuria. Mkono wa nani uliwasha jiko?"

"Wangu," alisema taratibu.

"Na ukaliachaje likawaka?"

Alivua miwani. Alitafuta pa kuiweka, mkono ukazunguka hewani kidogo, ukapata ukingo wa meza. Nilikitazama kidole kile kikipapasa ukingo, nikakumbuka kikombe, na salamu za mlangoni, na kalamu nyekundu ambayo sikuikuta. Nikaona haya hadi masikioni kwa ile chupa yangu ya maji.

"I cannot read," alimwambia mtathmini. Alisema wazi, kama mtu anayetoa kipimo. "The middle of the eye is gone, both sides. The knobs of the cooker, I guess. My letters, I put them in a drawer. Since five years."

Miaka mitano. Mimi nilimpelekea barua ya Profesa miaka miwili iliyopita. Hakuwa ameona hata herufi moja. Kila alichojua kuhusu mimi alikuwa amekisikia kutoka kinywani mwangu.

Binti yake alikuwa amerudi, amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi. "Five years, Dad?" aliuliza. Mtathmini aliuliza mengine, taratibu zaidi, na sasa majibu yalikuja moja moja, mafupi, kila moja likimgharimu. Alipomaliza kuandika, Msomaji alininyooshea mkono upande niliokuwa nimekaa.

"Nisomee alichoandika," alisema. "Kwa Kiswahili. Mwanzo hadi mwisho."

Yule mama akanipa kompyuta yake. Nikasoma, nikitafsiri njiani. Anaishi peke yake. Alikuwa mhandisi. Haoni katikati ya macho yote mawili. Hawezi kutumia jiko bila hatari. Anahitaji mtu kila siku asubuhi na jioni. Kwa miaka mitano amekuwa akificha kwamba hawezi kusoma, na hapo sauti yangu ikashuka, nikashindwa kuendelea.

Kidole kilipanda.

"Hapo," alisema. "Usiguse."

Mtathmini akauliza amesema nini. Nikamwambia amesema aiache kama ilivyo.